Misemo ya Kiingereza isifundishwe kama orodha ya kukariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nizungumzie jambo nililoliona kwa miaka yote niliyofundisha Kiingereza katika shule za sekondari, na ambalo naendelea kuliona sasa nikiwa mstaafu ninayewasaidia vijana wa mtaani kwangu nyakati za jioni. Vijana hawa hukariri misemo ya Kiingereza kutoka kwenye vijitabu vyenye safu mbili, msemo upande mmoja na maana yake upande wa pili, bila kuelezwa kuwa msemo huo husemwa na nani, kwa nani na wakati gani.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuniletea nimsahihishie barua ya rambirambi, aliyomwandikia rafiki yake wa kalamu wa Uingereza aliyekuwa amefiwa na baba. Katika sentensi ya kwanza aliandika kwamba amehuzunishwa kusikia kuwa mzee huyo "kicked the bucket". Kijitabu chake kilisema msemo huo maana yake ni kufa, na katika hilo hakikukosea. Hakikumwambia, hata hivyo, kwamba ni msemo wa mzaha ambao hautamkwi mbele ya mfiwa, kama vile sisi tusivyoweza kwenda msibani tukamwambia mwenye msiba kuwa baba yake amekata kamba. Kijana yule alikuwa na huzuni ya kweli, naye angemuumiza rafiki yake kwa maneno aliyoyakariri kwa bidii. Nilimfundisha "passed away", ambayo ina staha ile ile ya kusema mtu ametutoka, na nilishukuru kwamba barua ilikuwa haijafika posta.

Njia iliyonisaidia darasani ni kuanzia nyumbani. Kiswahili husema mtu ametia chumvi anapoongeza katika habari mambo yasiyokuwamo. Kiingereza nacho kina msemo "take it with a pinch of salt", na wanafunzi wengi wakiuona hudhani kuwa ni kitu kimoja. Nikawauliza: hapa chumvi iko kwa nani? Kwetu hutiwa na msemaji, lakini kwao huwa kwa msikilizaji, anayeipokea habari kwa tahadhari kwa kuwa haiamini yote. Tukaendelea hivyo hivyo: mzee aliyekula chumvi nyingi kwetu ni aliyeishi miaka mingi, ilhali Mwingereza akisema mfanyakazi fulani ni "worth his salt", anausifu ustadi wake wa kazi. Wanafunzi walioshiriki mazungumzo kama hayo hawakuhitaji kukariri, kwa sababu kila msemo waliukuta ukiwa na mtu anayeusema na sababu ya kuusema.

Kuna upungufu mwingine ambao kwa maoni yangu ni mkubwa zaidi. Mwaka 1930 Mwingereza Charles Ogden alitoa mpango wa Kiingereza chepesi chenye maneno 850, na humo vitenzi vilikuwa 18 tu. Aliweza kupunguza kiasi hicho kwa sababu Kiingereza cha kila siku hukichukua kitenzi kifupi na kukifuatishia neno dogo, na maana ikabadilika kabisa: "put out" ni kuzima moto, "put off" ni kuahirisha, na "put up with" ni kuvumilia. Sisi kazi ya namna hiyo mara nyingi huifanya mwishoni mwa kitenzi, tukapata funga, fungua, fungia na fungana, na ndiyo maana mwanafunzi wetu halioni lile neno dogo hata likiwa mbele ya macho yake. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, hukazana na maneno mazito ya vitabuni. Huyajua "extinguish", "postpone" na "tolerate", lakini hukwama mbele ya mazungumzo mepesi ya nyumbani na sokoni. Vivyo hivyo hujua kusema "it is raining cats and dogs", yaani mvua inanyesha sana, msemo ambao Waingereza wa leo hawautumii sana, wala hajapata kusikia "it's pouring", wenye maana hiyo hiyo, ambao wanautumia.

Nawaomba wachapishaji wa vijitabu hivyo waeleze, kwa kila msemo, kama ni wa heshima, wa kawaida au wa mzaha, na waoneshe mazungumzo mafupi unamotumika. Nawaomba walimu wenzangu wasiishie kusahihisha kwa kalamu nyekundu pale mwanafunzi anapomwambia aliyejikwaa "sorry" akimaanisha pole, bali wamweleze kwamba Mwingereza anaweza kulisikia neno hilo kama ombi la msamaha, kwa kuwa lugha yake haina neno moja linalobeba yote yaliyomo katika pole yetu. Na kwako, Ndugu Mhariri, naomba utenge safu ndogo kila wiki kwa ajili ya misemo mitatu ya namna hii. Niko tayari kuiandika bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga