Usambara kwa baiskeli: mlima hausumbui kama mteremko

Mhariri,

Makala yenu ya kuzunguka Usambara Magharibi kwa baiskeli yamesifia mandhari ya kijiji cha Mtae na kuonya sana kuhusu vilima. Sawa, lakini kilima hakiharibu baiskeli. Ukichoka, unashuka na kukokota. Kinachokwamisha watu ni mteremko, matope na vipuri.

Tuanze na breki. Barabara ya Lushoto hadi Mtae kupitia Magamba na Lukozi inapanda na kushuka, kona juu ya kona. Anayebana mfululizo breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, anaichemsha rimu. Gundi ya kiraka inalegea na upepo unatoka papo hapo, huku roli la kabichi likikata kona mbele yake. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena. Wenye breki za diski, zile zinazobana sahani ya chuma katikati ya gurudumu, wabebe pedi (vibanio) za akiba, maana matope yenye mchanga huzisaga upesi.

Tairi liwe na upana wa milimita 45 au zaidi. Kwa mtu wa kilo 70, upepo wa psi 30 hivi (psi ni kipimo cha shinikizo kwenye pampu) unatosha. Ukijaza 60, kila jiwe litakurusha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msiende: udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Juni hadi Septemba ni pakavu, ila usiku baridi ni kali, bebeni sweta.

Kuna jambo wageni wengi hawalijui. Duka la kijijini litakuuzia tairi la "28", na la kwako pia limeandikwa 28. Lile ni la Phoenix, baiskeli nzito za kizamani, na rimu yake ina kipenyo cha milimita 635. Ya baiskeli za changarawe, zile za kisasa za barabara za vumbi kama ya kwako, ni 622. Halishiki hata ulivute vipi. Tyubu yake inaweza kukuokoa, lakini vali yake ni nene, inataka tundu la milimita 8 hivi, na rimu nyingi za kisasa zina tundu la 6.5. Basi bebeni tyubu mbili za saizi yenu, viraka, sulusheni (gundi ya viraka), kiungo cha cheni, na kile kipande cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma. Hicho hutofautiana kati ya baiskeli na baiskeli, na kikipinda cheni inaweza kuingia kwenye spoki.

Mkichapa tena ramani ya njia hiyo, wekeni na orodha ya vipuri.

Mafundi baiskeli,
Lushoto