Mwanangu, usimpaushe huyo bibi harusi

Mwanangu, habari za huko, sisi hatujambo, baba yako anakusalimia sana. Nimeona unaiga picha za yule mchoraji John Singer Sargent, na mimi nimekuwa nikimsoma, kuna kitu nataka tuongee kuhusu huyo mteja wako bibi harusi, anayetaka umchore mweupe kuliko alivyo.

Alizaliwa Florence mwaka 1856, wazazi Wamarekani, akasoma uchoraji Paris, baadae matajiri wa London na Marekani wote wanataka wachorwe na yeye. Ila 1884 alionesha picha ya Virginie Gautreau, mrembo maarufu wa Paris, gauni jeusi, mkanda wa bega moja umeteleza, watu wa Paris wakawaka, mama yake Virginie akamfata Sargent kwa machozi aiondoe ukutani, Sargent akagoma, akasema kamchora vilevile alivyovaa. Hapo nampenda! Lakini maonesho yalipoisha akachukua brashi akaurudisha ule mkanda begani. Picha akakaa nayo miaka zaidi ya 30, akaja kuiuza 1916 kwa makumbusho ya Metropolitan kule New York, na mwenyewe akawaandikia kwamba anadhani ndo kazi yake bora.

Mwaka huohuo alikutana Boston na Thomas McKeller, kijana mweusi mwendesha lifti wa hoteli, akawa modeli wake kwa michoro mikubwa ya darini kwenye makumbusho ya Boston. Mwili ni wa McKeller, ukiangalia juu kule unakuta miungu ya Kigiriki, weupe pe, sura si yake. Hili linaniuma mno mwanangu, maana jicho lilimwona vizuri kabisa, kuna picha ya mafuta alomchora McKeller mwenyewe, kainua uso juu, ngozi yake ileile ina mwanga, na hiyo ilibaki studio kwake mpaka alipofariki 1925.

Sasa huyo bibi harusi anayetaka umpaushe na pua uipunguze, mama nakuomba usikubali hata akiongeza hela. Mkalishe karibu na dirisha, ngozi yetu inataka mwanga wa mchana, ina wekundu na ubluu mwingi ndani yake na wewe unaujua kuuona. Sargent alikuwa anaweka turubai ubavuni kwa mtu alafu anarudi nyuma aviangalie vyote viwili kwa pamoja, uso ukimkatalia anaukwangua wote anaanza upya. Fanya hivo, na mteja mwite asimame hapo nyuma aangalie na wewe. Akikataa kabisa mrudishie advansi yake, hela ya rangi ntakutumia mwisho wa mwezi.

Mama yako