Nyuzi kumi na sita nazo ziandikwe

Mhariri, kamwene kutoka Iringa. Jumapili ilopita nlikuwa kwenye ukumbi wa kanisa huku kwetu, vijana wanne wakapiga kazi mpya alotunga mwenzao, ni ya fidla mbili, viola (kama fidla ila kubwa kidogo) na selo (kubwa zaidi, unaipiga umekaa), basi, hakuna ngoma wala mwimbaji, kila chombo nyuzi nne. Mwanzo watu walinong'ona maana hakuna melodi ya kushika, fidla zinakwaruza tu juu kabisa, hadi mzee pembeni yangu akauliza hivi bado wanatyuni? Afu yule wa selo akaweka upinde chini akaanza kudonoa nyuzi kwa vidole, aisee hapo nikasikia ligombo la Wahehe kabisa, kile chombo chetu cha nyuzi za kudonoa, lile babu alikuwa anapiga jioni, na yule mzee akanyamaza akafumba macho.

Kronos Quartet wa San Francisco, Marekani, kundi la watu wanne wenye vyombo hivihivi, walitoa albamu nzima ya watunzi wa Afrika mwaka 1992, kwa hiyo msiseme huu ni muziki wa wazungu. Naomba mtume mwandishi wakipiga tena, kurasa za burudani kila siku Bongo Fleva tu, na hawa vijana hata hiyo selo wameazima.

Msomaji wenu, Iringa