Fomu ya majibu isiseme "hana mafua"

Ndugu Mhariri,

Nina miaka kumi na moja maabara, na mingi nimeimaliza nikitoboa vidole vya watu kutafuta malaria. Sasa zahanati ninayofanyia kazi imeleta kipimo cha haraka cha homa ya mafua (influenza), na tunakisoma kwa mazoea yale yale ya malaria. Tunakosea, mimi nikiwemo.

Majuzi mama mmoja alileta mtoto wa miaka minne, homa na kikohozi, siku ya tano. Malaria hana. Nikachukua kijiti cha pamba. Mtoto akaning'ang'ania mkono, teke likaruka, kijiti kikaishia mlangoni mwa pua. Nikakichovya hivyo hivyo, nikadondosha matone, nikasubiri dakika 15. Mstari wa C, unaoonyesha kipimo kimefanya kazi, ukajitokeza; wa T, unaoonyesha virusi, wapi! Nikaandika: "Hana mafua." Muda si mrefu namwona yule mama dirishani anapewa amoksilini. Malaria hana, mafua hana, basi ni bakteria. Kama tabibu angehesabu pumzi za mtoto akaona zinakwenda mbio, dalili ya nimonia, nisingekuwa na neno. Alisoma fomu yangu tu.

Vimelea vya malaria vimo kwenye damu, toboa kidole chochote. Virusi vya mafua vinakaa ndani ya pua, vinakuwa vingi siku tatu nne za mwanzo, halafu vinapungua. Kijiti kisipofika ndani, au mgonjwa akichelewa, kipimo hakina cha kukamata. Na hata ukichukua sampuli vizuri, vipimo vingi vya aina hii hukamata kama 50 hadi 70 tu kwa kila wagonjwa 100 wenye mafua kweli. Mistari miwili ikitokea wakati mafua yamezagaa, hapo unaweza kuamini. Mmoja ni habari nyingine. Baada ya mlipuko wa mafua wa 2009 kuonyesha jinsi vinavyopitwa na wagonjwa, Marekani ilitoa kanuni mwaka 2017 ikivitaka vikamate angalau 80 kwa 100. Asilimia hizi huandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kasha. Wangapi tunaikunjua?

Wenzangu husema mafua ni ya Ulaya kwenye baridi. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara: malaria ilikuwa kwa kama mmoja katika kila kumi, magonjwa ya virusi vya aina mbalimbali kwa saba.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Fomu iwe na nafasi ya siku ya ugonjwa, na mstari mmoja ukitokea tuandike "virusi havijaonekana", ili tabibu ajue bado ana kazi ya kumpima mgonjwa mwenyewe. Na mgonjwa wa siku ya tano asiye na hali mbaya, kwa nini tumtoze hela ya kipimo? Oseltamivir, dawa ya mafua, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Afadhali vipimo tuwawekee akiba wajawazito na watoto wachanga wanaowahi.

Kwenye daftari letu nimeshaanza kuchora safu ya siku kwa rula. Bosi kaniuliza ya nini, nikamwambia asubiri asome gazeti.

Mtaalamu wa maabara,
Morogoro