Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Lindi: Moto wa mashamba unammaliza sange

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Nakusalimu kutoka Rondo. Mimi ni mkulima wa ufuta, na nakuandikia kwa ajili ya sange, mnyama mdogo wa msituni mwenye pua ndefu.

Wengi humwita panya, wakaishia hapo. Si panya. Waliochunguza vinasaba vyake wameona kuwa ndugu zake ni tembo, pimbi, muhanga na nguva. Uzito wa huyu wa huku kwetu haufiki nusu kilo. Asubuhi, ukikaa kimya pembezoni mwa msitu, utamsikia kabla hujamwona: kwaru, kwaru, kwenye majani makavu. Kisha inatokea pua ndefu, inapinda huku na huku, inapekua. Akikuta siafu, mchwa au buibui, anamnyaka kwa ulimi. Akishtuka anapiga mkia chini, pa, pa, pa, na hapo hapo ametimka kwa miruko.

Kila kitu chake kimo ndani ya majani hayo yaliyoanguka. Chakula kimo humo. Kulala ni humo: anachimba kishimo kifupi, anakitandika majani, anajifunika mengine juu, na mpita njia huona fungu la majani tu. Mtoto naye, ambaye kwa kawaida huzaliwa mmoja, hukaa kiotani humo kama wiki mbili kabla ya kutoka.

Ndiyo maana moto unamwumiza kuliko shoka. Mwaka jana, wakati wa kuandaa mashamba, moto wa jirani ulivuka ukaingia msituni. Miti mikubwa ilibaki imesimama, na aliyetazama kwa mbali alisema hakuna hasara. Nilipoingia siku ya pili, ardhi ilikuwa nyeusi, tupu, jivu hadi kifundoni. Mahali nilipozoea kumsikia sange palikuwa kimya. Nilikwenda kutoa taarifa katika ofisi moja, nikaulizwa kama kuna mbao zilizoungua. Nilisema hapana. Hakuna kilichoandikwa.

Mheshimiwa, msitu wenye miti lakini usio na majani chini, kwa sange ni sawa na uwanja mtupu.

Nchi yetu inajulikana duniani kwa wanyama hawa. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa katika milima ya Udzungwa zilinasa sange mwenye uso wa kijivu ambaye sayansi haikuwa na jina lake, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, mkubwa kuliko sange wote, takriban gramu 700. Anaishi kwenye misitu michache ya milima hiyo tu. Kama mnyama wa ukubwa ule aliweza kukaa miaka yote bila kujulikana, sioni sababu ya kudhani kwamba wa kwetu tumeshamjua vya kutosha. Sange wa huku pwani ana mgongo mweusi kuliko wenzake wa bara. Na Rondo hii hii ndiyo iliyompa jina komba mdogo anayekula wadudu, komba wa Rondo.

Sikuombi uwakataze watu kulima. Nami nalima, na bila ufuta watoto wangu hawaendi shule. Naomba halmashauri zielekezwe kutunga sheria ndogo, kwamba mwenye shamba linalopakana na msitu asiwashe moto kabla ya kufyeka njia ya kuzuia moto upande wa msitu, na kabla ya kumwarifu mtendaji wa kijiji. Siku ya kuchoma, majirani wawepo. Kamati za maliasili za vijiji zipewe mapanga na mabuti, kwa sababu sasa wanauzima moto kwa matawi mabichi, wengine na kandambili miguuni. Na fomu ya taarifa ya moto iwe na nafasi ya kuandika kilichoungua chini, siyo mbao peke yake.

Mitego ya vijana nayo ipo, lakini hilo tunaweza kulisema wenyewe kwenye mkutano wa kijiji.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba, na mashamba huchomwa kabla yake. Agizo lako likitufikia mwezi Septemba, litakuwa limewahi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa ufuta, Rondo