Wifi asema mtoto si wangu, ‘nilimbeba tu’

Shangazi, shikamoo.

Usingizi umenipaa, ndiyo maana nakuandikia saa hizi. Familia zetu unazijua. Wifi yangu mkubwa kanitamkia kwenye kikao cha harusi, watu wamejaa sebuleni: “Mtoto ni wa kaka yangu. Wewe ulimbeba tu.”

Ulimbeba tu!

Yai halikuwa langu, sikatai. Yangu yaliisha mapema. Daktari akasema njia iliyobaki ni yai la mchangiaji, lirutubishwe maabara kwa mbegu za mume wangu, kisha nipandikizwe mimi. Mume wangu alisaini mwenyewe. Sindano nilichomwa mimi, kisu nikapigwa mimi, nikanyonyesha mpaka mtoto akasusa ziwa mwenyewe. Huko ndiko kubeba tu? Na siri haikutoka kwangu. Mimi hata mama yangu mzazi hajui.

Binti yangu ana miaka 9. Alikuwa mlangoni ameshika sahani, sijui alisikia nini. Tangu siku ile ananiuliza pua yake kaitoa kwa nani. Namwambia kwa bibi. Hospitali nako wakiuliza kama upande wa mama kuna pumu au sikoseli, nataja ya kwetu. Ningejibu nini, wakati mchangiaji hatukupewa hata jina lake?

Mume wangu anasema hili tufe nalo. Ndivyo tulivyokubaliana, na mimi bado naona kumwambia ni kumuumiza mtoto bure. Lakini nimesoma kuwa Uingereza walibadili sheria mwaka 2005: waliochangia tangu hapo, mtoto akifika miaka 18 ana haki ya kuwajua. Tena wanashauri mtoto aanze kuambiwa angali mdogo, kidogo kidogo. Huyo mwanamke aliyetuchangia yai simtaki maishani mwetu. Ila nikipanda daladala najikuta natazama pua za wasichana.

Ninachotaka ni wifi aniombe radhi mbele ya watu walewale. Mume wangu anasema nikilikoroga ndipo mtoto atajua. Haya, na wifi akimwambia kabla yangu, kwa maneno yake yale, ulimbeba tu?

Harusi ni mwezi ujao, michango tumetoa, na binti yangu ndiye mshika maua. Nisimpeleke? Au nimkalishe nimwambie mwenyewe kwanza, hata kama baba yake hataki?

Mama M, Dar es Salaam