Barua ya wazi kwa vijana wetu wa maombi: acheni waliofiwa walie

Wanangu na wajukuu zangu wa kikundi cha maombi, Bwana Yesu asifiwe.

Ninawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Mwezi uliopita mlikuja msibani kwa yule binti aliyefiwa na mume, ambaye mtoto wake bado ananyonya. Mlikuja wengi, mmevaa sare, nikafurahi kuwaona. Kisha mmoja wenu akashika kipaza sauti na kumwambia mjane mbele ya umati akaushe machozi, eti Mkristo anayelia hivyo imani yake ni haba. Mwingine akapokea, akaanza kukemea roho ya mauti "iliyofunguliwa mlango" katika nyumba ile. Nilimwona binti wa watu akijifunika kanga uso mzima. Tangu siku hiyo hajaonekana ibadani, na mimi simlaumu.

Nani aliwafundisha hayo? Bwana wetu alipofika kaburini kwa Lazaro alijua anakwenda kumfufua. Lakini Yohana ameandika katika sura ya 11: "Yesu akalia machozi." Hakumwambia Mariamu anyamaze kwanza ndipo aone muujiza. Basi kama machozi ni upungufu wa imani, mkemeeni na yeye.

Mmekariri ahadi nyingi, lakini Zaburi hamzisomi zote. Ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu "hata lini utanisahau". Ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila shangwe yoyote mwishoni, nayo imo katika Biblia ileile mnayoibeba kwapani. Anayemlilia Mungu kwa uchungu bado anazungumza na Mungu. Mlipomnyamazisha yule binti mlimkatiza katikati ya maombi yake.

Msomeni na Ayubu, polepole. Rafiki zake walianza vizuri sana: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyenena naye neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makuu mno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Wakatafuta dhambi iliyojificha, wakatafuta mlango uliofunguliwa, kama mlivyofanya ninyi. Ayubu akawaambia, "Ninyi nyote ni wafariji wenye kutaabisha." Na mwisho wa kitabu, hasira ya Mungu haikumwakia Ayubu aliyelalamika sura nyingi mfululizo. Iliwawakia hao waliojifanya mawakili wa Mungu. Wanangu, jambo hilo linapaswa kututetemesha.

Mwenzangu alipofariki, maneno niliyoambiwa pale nyumbani yamenitoka karibu yote. Ninachokumbuka ni jirani yangu, mama mmoja mkimya. Matanga yalipokwisha, turubai likakunjwa na viti vya plastiki vikarudishwa, wote wakatawanyika. Yeye akawa anakuja jioni. Anakata majani ya ng'ombe, anayaweka bandani, ananiuliza kama nimekula, kisha anaketi. Siku nyingine hatukusema lolote mpaka giza linaingia. Hakunieleza kwa nini Mungu aliruhusu yale. Kabla hajaondoka alikuwa akinishika mkono na kusema Zaburi ya 23, basi. Pale kwenye mstari wa bonde la uvuli wa mauti ndipo nilipoelewa kwamba hatukuahidiwa kulikwepa bonde. Tuliahidiwa kwamba tutakapolipita, Bwana yupo pamoja nasi. Na mimi nilijua yupo, kwa sababu alikuwa amemtuma mtu.

Mtaniambia watu wanataka muujiza. Ndiyo, wanautaka, na mimi naamini Mungu anaponya. Lakini mnakumbuka tarehe 1 Februari 2020, hapahapa Moshi, uwanja wa Majengo. Watu 20 walikufa wakikanyagana katika kuyakimbilia mafuta ya upako. Msiwacheke marehemu wale, wala msiwaite wajinga. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake: mgonjwa nyumbani, deni, ndoa iliyovunjika. Swali langu ni kwetu sisi wa makanisa ya zamani yenye kengele na makwaya mazuri. Mtu wetu akiumia, nani anamfuata nyumbani? Tunachanga haraka kwa harusi na kwa jeneza, kamati zinaundwa, bajeti inasomwa. Lakini mtu akilazwa na bili ikamshinda, simu hazipokelewi. Akifa ndipo tunakuja na ng'ombe. Ni aibu, na aibu hiyo ni yetu sisi wazee kuliko ninyi.

Tumaini letu si dogo, hata mkiondoa kipaza sauti. Mwaka 1977 kule Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa tarehe 16 Februari chini ya utawala wa Idi Amin, na serikali ikakataa kuutoa mwili kwa mazishi ya Kampala. Jumapili iliyofuata watu walifurika kanisa kuu la Namirembe, Kampala, hata hivyo. Kaburi la Luwum lilikuwa limeshachimbwa, jirani na la Askofu Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, lakini lake lilikuwa tupu. Walisimama penye shimo lile, katika hofu ya wakati ule, wakaimba. Waliliona kaburi tupu wakalikumbuka lingine, la asubuhi ya Pasaka. Walilia pia. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakuwakataza kuhuzunika.

Mengine ni mafupi. Msipige picha wala video msibani. Msimwambie mgonjwa yeyote aache dawa, iwe ya presha, ya sukari au ya virusi. Anayesema hivyo kwa jina la Yesu anaua. Msiulize marehemu alitoa zaka. Mtu akiwaambia amemkasirikia Mungu, msikimbie.

Na yule aliyeshika kipaza sauti, mwanangu, najua moyo wako. Ulitaka kumtia nguvu, na ukimya wa pale ulikutisha. Unatisha kweli. Nenda kwake na mkeo, umwombe radhi, usimhubirie. Mpelekeeni mtori na sabuni za mtoto, mkae naye.

Jumapili hii baada ya ibada ya kwanza nitakuwa kwenye chumba cha Shule ya Jumapili. Nataka tupange zamu za miezi sita, wawili wawili. Tuna wajane wapya, tuna kijana aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda na hana kazi, na tuna mzee anayekaa peke yake tangu mkewe alazwe hospitali ya KCMC. Huyo mzee haoni vizuri, kwa hiyo watakaokwenda kwake wawe wanaoweza kumsomea. Njooni na daftari.

Bibi yenu, mzee wa kanisa,
Moshi